Gari Lisilo na Klachi

Levolosi, Jumapili jioni

Mwanangu Aika,

Nakuandikia wakati kati yangu na wewe kuna ukuta mmoja tu. Nakusikia hapo chumbani ukimwambia Zuhura asilikalie begi, zipu itaachia. Ningeweza kuingia nikayasema haya kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kumtaja baba yako sauti inakatika, wewe unaanza kunibembeleza, na jambo lenyewe linabaki bila kusemwa. Karatasi hainibembelezi. Utaisoma ndani ya basi, ukishapita Chalinze huko, mahali ambapo huwezi kurudi kuniuliza kitu.

Habari za sweta na baridi ya Mbeya shangazi yako ameshazimaliza. Za kusali, mchungaji amezisema leo mbele ya kanisa zima mpaka ukaona haya. Za wanaume nilikuambia jikoni, na najua ulisikia nusu. Hayo nayaruka. Nataka kukueleza habari za baba yako na lile gari. Gari unalijua, na baba yako unamjua jinsi alivyokuwa ndani ya gari. Kilichotangulia hukijui kwa sababu ulikuwa mdogo, na kile cha mwisho unakijua kwa upande mmoja tu.

Baba yako nilimsikia kabla ya kumwona. Nilikuwa msichana, nakaa kwa dada yangu Usa River, tunauza ndizi kando ya barabara. Malori ya shirika moja la umma yalikuwa yakipita na magogo kutoka upande wa Momela. Madereva wengi wakifika pale njia inapopanda walikwangua gia mpaka sisi tukaziba masikio. Lori moja halikukwangua. Lilibadilisha gia na kuendelea kupanda, kama mtu aliyevuta pumzi katikati ya maneno. Dada akanitania kwamba nimeanza kupenda injini. Siku moja lori lile likasimama, akashuka kijana mwembamba, akamwamkia dada, akanunua mkungu mzima. Alikuja kuniambia baadaye kwamba aliugawa wote njiani, maana alikuwa akiishi peke yake na hajui kumenya hata ndizi.

Ndiye Eliamani. Hakuwa na maneno mengi, ila ukimgusia habari za kuendesha alikuwa hanyamazi. Gia za malori yale zilikuwa ngumu. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unakanyaga tena, ndipo unaingiza nyingine, na ukikosea kidogo tu chuma kinalia. Alinieleza hayo mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Alikuwa akisema mguu wa kulia ni wa nguvu, mguu wa kushoto ndio wenye akili. Nami nilikuwa nacheka, kwa sababu ni nani anayeujali mguu wake wa kushoto?

Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kutembea alipoumia. Hakuwa akiendesha, na hilo lilimuuma mpaka mwisho. Lori lilikuwa limesimama, wanashusha magogo, mnyororo ukaachia. Gogo moja lilimbana mguu kwenye tairi. Hospitali walijaribu kuuokoa, wakashindwa, wakaukata juu ya goti. Nilipoingia wodini na mtori wangu wa ndizi kwenye chupa alikuwa ameshaamka, anatazama dari. Hakulia na hakuuliza kitu. Aliniambia, "Mama Aika, wamechukua wa klachi."

Nikamwekea mtori.

Shirika lao halikumtupa mara moja. Walimpa kiti getini, awe anatazama malori yanayoingia na kutoka. Akakaa pale kwa muda, na kila dereva aliyepita alimpigia honi kwa heshima, na kila honi ilikuwa inamchoma. Halafu ndipo zikaja zile enzi za ruksa. Maduka ya mjini yakajaa sabuni na vitenge na redio, kila mtu akawa anauza kitu, na mashirika yakaanza kufa moja baada ya jingine. La kwao lilipouzwa, wote waliambiwa waende nyumbani. Wenzake waliokuwa na miguu miwili walipata kazi kwa watu binafsi, wengine wakaenda kubeba watalii. Yeye alirudi hapa Levolosi akakaa kwenye lile benchi la mlangoni.

Mimi nilikuwa nashona sare za shule hapo sebuleni, mlango uko wazi, yeye mbele yangu. Gari likipanda mtaa wetu na dereva akabadilisha gia, kile kipande cha paja kilichobaki kilikuwa kinashuka. Kinakanyaga. Hakuwa anafanya kusudi. Akigundua kwamba nimeona, anaweka kiganja juu yake na kukibana pale kama mtu anayemzuia mtoto asisimame kanisani. Ilifika mahali nikisikia gari linapanda sitazami nje, natazama paja lake, na cherehani inasimama yenyewe.

Nilidhani anahitaji utulivu. Wageni wakija nawawahi nje, nawaomba wasizungumze habari za magari. Madereva wenzake niliwapokea vizuri, nikawapa chai, lakini kwa namna ambayo hawakuona haja ya kurudi. Walipopungua nikajipongeza. Sikuona kwamba ninamwondolea watu pekee waliokuwa wanajua kilichokatwa ni kitu gani. Mimi nilijua ni mguu tu.

Aliyekataa kuondolewa alikuwa Baba Zuhura. Wewe unamkumbuka kama kanzu na harufu ya udi, siku za Idi. Walianza kazi pamoja wakiwa vijana, yeye Mrangi wa Kondoa na baba yako mtu wa Machame, wakalala porini chini ya lori moja, na walipooa wakatafuta nyumba zinazopakana. Shirika lilipokufa, Baba Zuhura alipata kazi ya kwenda Dar es Salaam kuchukua magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini kutoka Japani, na kuyaleta hapa kwa wafanyabiashara. Kila akirudi alikaa kwenye benchi na baba yako akamweleza njia nzima, kona kwa kona.

Mchana mmoja alikuja, lakini hakuenda kwenye benchi. Baba yako alikuwa amelala ndani. Baba Zuhura akaja kwenye cherehani yangu, akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, nimeendesha gari kutoka Dar mpaka hapa, na mguu wangu wa kushoto umelala njia nzima. Haina klachi."

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

Lilikuwa gari dogo jeupe, bado lina vibandiko vya Kijapani kwenye kioo ambavyo hakuna aliyejua vinasema nini. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, na alikuwa analijutia. Watu wa Arusha wakati ule walikuwa hawataki otomatiki hata ya bure. Walisema betri ikilala huwezi kulisukuma likawaka. Kwamba likiharibika gia hakuna fundi atakayelifungua. Kwamba ni gari la wavivu na la wanawake. Mwenyewe alikuwa anatafuta gia za mkono zilizotumika ili aling'olee zile lilizokuja nazo, apate kuliuza kama magari mengine.

Baba Zuhura alikuwa na furaha mno, na furaha ile ndiyo iliyoharibu mambo. Kesho yake alilileta gari mpaka mlangoni, akafungua mlango wa dereva, akamwita baba yako mbele ya mtaa mzima. Akamwonyesha zile herufi: hii ya kusimama, hii ya kurudi nyuma, hii ya kwenda, basi. Baba yako alisimama na magongo yake akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Hiyo siyo gari. Hicho ni kiti cha magurudumu kilichowekwa injini."

Baba Zuhura alidhani ni mzaha. Akacheka, akamshika mkono, akataka kumkalisha. Baba yako akauvuta mkono wake kwa nguvu mpaka akayumba, na watu wakamwona akiyumba. "Ondoka kwangu," akamwambia. "Na usirudi kuniletea huruma."

Tangu siku ile hakumjibu salamu. Baba Zuhura alikuwa akipita kila asubuhi akienda msikitini au akienda kazini, anasimama pale kwenye uzio wetu wa mchongoma, anasema, "Eliamani, umeamkaje?" Anasubiri kidogo, anakwenda zake. Kila asubuhi aliyokuwepo Arusha. Nilikuwa nasikia kutoka jikoni.

Sasa nikueleze nilichofanya mimi. Kaka yangu alikuwa amenipa kiwanja Olasiti, kwa jina langu, na baba yako na mimi tulikuwa tumeshakipanga chote: hapa vyumba, hapa zizi, hapa migomba. Hata baada ya mguu kukatwa alikuwa anakwenda kwa lifti kukitazama tu. Mimi nilimfuata yule mfanyabiashara, nikampa kiwanja, akanipa gari. Sikumwuliza baba yako. Nilijiambia nikimwuliza atakataa, na kwa hiyo nisimwulize. Mpaka leo naamini lile gari lilikuwa jambo jema. Lakini nilimtendea mtu mzima kama mtoto anayenunuliwa viatu asipokuwepo.

Siku nilipomwambia alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini taratibu. Akasema, "Umeniuzia nyumba ili uninunulie mguu." Kisha akamaliza chakula chake, kwa sababu hakuwahi kukiacha chakula nilichopika, akajinyanyua akatoka. Hakugomba. Ningependa angegomba. Mwanangu, utaishi na watu, na utawapenda, na siku moja utaona wazi kabisa kitu kinachowafaa ambacho wao hawakioni. Sina la kukushauri hapo. Nakuambia tu jinsi ilivyokuwa kumsikia akitafuna.

Gari likakaa uani likinyeshewa. Wewe na Zuhura mlikuwa mnacheza ndani yake, mnaizungusha redio ambayo haikushika stesheni yoyote, ni mkwaruzo tu. Mwishowe nikaona aibu ya kuwa na gari la kufugia watoto, nikamwomba Baba Zuhura anifundishe mimi. Akanifundisha hapa hapa, uani na kwenye kichochoro, Jumamosi asubuhi. Baba yako alikuwa ndani, dirisha limefungwa.

Siku ya pili au ya tatu nilikuwa natikisika sana, gari linakwenda na kusimama, kwenda na kusimama, na Baba Zuhura ameshikilia kiti, haelewi kosa liko wapi. Dirisha likafunguka. Baba yako akasema, "Anakanyaga breki kwa mguu wa kushoto. Mwambie auweke pembeni. Mguu wa kushoto hauna kazi humo."

Yeye mwenyewe nadhani alishtukia alichosema, maana alibaki ameshika dirisha, halifungui zaidi wala halifungi. Alikuwa amelisikiliza gari lile siku zote. Bila kuliona, bila kuliingia, ameshajua linavyofanya kazi. Baba Zuhura akainua mkono kumsalimia. Baba yako akamtazama, na nikaona midomo yake inataka. Halafu akafunga dirisha.

Nikasema moyoni, bado kidogo. Wiki ijayo watazungumza.

Baba Zuhura aliondoka kwenda Dar kabla ya hiyo wiki ijayo. Akirudi, karibu na Same, kukiwa na giza, aliligonga lori lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa. Alifia pale pale. Walimleta nyumbani asubuhi, na kama ilivyo desturi yao, ilibidi azikwe siku ile ile.

Nilikuwa kwa Mama Zuhura tangu taarifa ilipokuja, wanawake wamejaa, wewe na Zuhura mmelala kwenye mkeka mmoja. Baba yako hakutoka. Nilirudi mara moja kumtazama nikamkuta amekaa kitandani, amevaa suti yake ya kanisani, magongo yamelala mapajani. Makaburi yako mbali, na wenyewe wanatembea kwa miguu, jeneza mabegani, wakibadilishana. Kwa magongo yale asingefika hata robo ya njia. Akaniuliza kwa upole, kama anauliza saa, "Funguo za gari umeziweka wapi?"

Nikampa. Nilitaka kumsaidia kuingia, nikakumbuka kijiko alivyokiweka chini, nikakaa pale pale. Aliweka magongo kiti cha nyuma, akaingia, akagusa zile herufi kwa kidole moja baada ya nyingine. Gari likawaka. Likatoka uani polepole bila kutikisika hata mara moja.

Wanaume walikuwa wameshanyanyua jeneza. Akawafuata nyuma. Wazee wawili waliokuwa hawawezi kutembea akawafungulia mlango, wakapanda. Mimi nilisimama kwenye mchongoma nikawatazama wanakwenda, kanzu nyeupe na jeneza na lile gari jeupe nyuma yao, likienda kwa mwendo wa watu wanaotembea, mpaka wakakata kona.

Aliporudi alikaa kwenye benchi, nami nikakaa. Akasema, "Linatambaa lenyewe. Ukiachia breki linakwenda mwendo wa mtu. Sikukanyaga mafuta hata mara moja, tangu kwake mpaka makaburini. Na lori ningeshindwa, Mama Aika, hata ningekuwa na miguu miwili. Klachi ingeungua." Halafu akasema, "Alilijua hilo. Alikuwa anataka kunionyesha." Ndipo akalia. Tangu nimwone wodini, na tangu kiwanja, ndiyo mara ya kwanza. Alilia kwa ajili ya zile asubuhi zote. Alikuwa na jibu la salamu, aliniambia, kila siku alikuwa nalo, na kila siku aliliahirisha.

Kuanzia hapo ndipo kumbukumbu zako zinapoanza. Unajua alivyokupeleka shule wewe na Zuhura kila siku, hata shule ilipokuwa karibu, na ulivyokuwa ukinilalamikia kwamba wenzenu wanawacheka. Unajua alivyombeba Mama Zuhura kwenda sokoni Kilombero na ndoo zake za maharage. Alilifanya lile gari teksi, akawabeba wagonjwa na maharusi na walimu. Watu walimwita dereva wa mguu mmoja, mwanzoni kwa kumcheka, mwishoni kwa kumtafuta. Alikuwa na furaha kiasi chake. Lakini ujue hakuwahi kulisifia lile gari. Alilitunza kama mtu anavyomtunza mnyama wa marehemu.

Na lori likipanda mtaa wetu, paja lake lilikuwa bado linashuka.

Halafu gari likazeeka. Gia zikaanza kuteleza, injini inanguruma gari haliendi. Fundi wa kwanza akasema hawezi, wa pili akasema angeweza kama vipuri vingepatikana. Wa tatu akampa suluhisho ambalo mafundi wote wa mji huu walikuwa wanalipenda: aling'olee gia zile, alifungie za mkono, gari litakuwa jipya. Baba yako akamwonyesha magongo. Yule fundi hakuwa ameyaona. Aliomba radhi sana, mpaka baba yako akaanza kumwonea huruma yeye.

Tukalisukuma gari likarudi uani. Hilo lilikuwa mwaka jana, na wewe ulikuwa umemaliza sekondari, unasubiri chuo cha uuguzi.

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe.

Aliazima pikapu ya gia za mkono kwa jirani yetu wa kanisani, akasema anataka kukufundisha. Ulifurahi. Nakumbuka ulivyofunga kitambaa kichwani. Jirani akawaendesha mpaka uwanja ule wa wazi kule Olasiti, akawaachia pikapu, baba yako akakaa kiti cha abiria. Kilichotokea nilikisikia kwako na nikakisikia kwake, na hamkutofautiana sana. Ulizima gari, ukaliwasha, ukalizima tena. Alikusemesha kwa ukali ambao hukuwahi kuusikia kwake. Alikataza usitazame chini, alikataza usiguse mafuta, alikurudisha kwenye kile kijilima mara nyingi mpaka gari likaserereka nyuma na wewe ukaachia usukani. Akapiga dashibodi kwa kiganja. Akasema, "Mguu, Aika. Mguu. Unao, utumie."

Nawe ukashuka. Ukamwambia kupitia dirishani, "Sitaki kuendesha kama wewe." Ukamwambia na mengine, kwamba siku hizi kila mtu ana otomatiki, hata yeye mwenyewe, na kwamba hujui anakutesa kwa nini. Ukarudi kwa miguu kutoka Olasiti. Ulipofika ulikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, ukapita moja kwa moja chumbani. Yeye alibaki ndani ya pikapu ambayo hawezi kuiendesha, mpaka akapita mtu wa kumrudisha.

Nilikaa katikati yenu jioni ile nikapakua chakula. Nilidhani yataisha yenyewe. Mwanangu, mimi ni mtu niliyesema wiki ijayo watazungumza, na bado nilidhani hivyo tena.

Ulipolala nilimwuliza. Akaniambia unaenda mbali, kwenye zahanati za vijijini, ambako gari likiwepo litakuwa la gia za mkono, na siku mama mjamzito atakapozidiwa na dereva hayupo, yeye alitaka wewe uwe unaweza. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa kwanza, na ni ya kweli. Nikamwambia angeweza kukufundisha bila kukuliza. Kisha akasema, "Kuna kitu kimoja ninachokijua kuliko kitu kingine chochote, na sina wa kumwachia. Nilikuwa nasikia klachi inamtoka mguuni, naona kabisa anakosea wapi, na sina mguu wa kumwonyesha. Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye."

Nikamwuliza kama yale maneno yako yalimuuma. Nitakuambia ukweli, kwa sababu hutaniamini nikikuambia vingine. Yalimuuma. Alijipangusa uso kwa kiganja, akakaa hivyo, kiganja usoni. Halafu akasema, na nayaandika kama alivyoyasema, "Lakini amesema vizuri. Mungu amjalie asiendeshe kama mimi. Aendeshe kwa miguu yote miwili." Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Asubuhi yake alimtuma mtu kwa jirani kuiomba tena ile pikapu, kwa Jumamosi. Alisema safari hii atakuacha ulizime mpaka uchoke, na hatasema neno.

Presha ilimwangusha Alhamisi.

Tangu msiba nakutazama. Hukai kiti cha mbele cha gari lolote. Pikapu ya jirani ikipita unaingia ndani. Hujawahi kuniambia unabeba nini, na mimi sikukuuliza, kwa sababu ile ile niliyowafukuzia wageni wa baba yako: nilidhani ni utulivu unaokufaa. Mwaka mzima nimekuwa na maneno yake na sikukupa. Nilikuwa nayashika kwa sababu ndiyo ya mwisho niliyokuwa nayo mwenyewe, na nilijua nikikupa nitalia. Nisamehe kwa hilo, na uyasome haya mara mbili kama mara ya kwanza umesoma kwa haraka.

Sikuambii ujifunze kuendesha. Ukitaka utajifunza, na usipotaka utapanda basi kama sisi wengine. Ila usifike Mbeya ukidhani baba yako alikufa amekukasirikia. Alikufa akiingojea Jumamosi.

Mimi mama yako.